Kata pezi la tumbo kabla ya kupandikiza vifaranga lamboni

Kila kijiji kinachopandikiza vifaranga vya sato, iwe Hombolo, Mtera au kwenye lambo dogo la mifugo, hufika mahali kikajiuliza: hawa tunaowavua ni wale tuliowaleta au ni wazawa wa humuhumu? Bila alama hakuna jibu, na fedha za vifaranga zinaendelea kutoka kwa kukisia.

Huko Japani, wanaozalisha samaki bapa na kuwaachia baharini wana nafuu. Wengi wa samaki waliolelewa kituoni huwa na mabaka meusi upande wa chini, ambao kwa samaki wa asili ni mweupe, kwa hiyo hutambulika hata sokoni. Vifaranga pia huogeshwa kwenye rangi inayobaki katika vijiwe vya masikio, lakini kuiona kunataka hadubini maalumu. Sisi tutumie mkasi.

Kata pezi moja la tumbo, la kushoto mwaka huu na la kulia mwakani. Likate lote, karibu kabisa na shina lake, bila kugusa nyama. Ukikata nusu litaota tena na alama itapotea. Mkia usiuguse, ndio unaomwokoa kifaranga asiliwe na kambale.

Subiri vifaranga vifikie sentimita 7 hivi, na usivilishe siku moja kabla. Kazi ianze alfajiri, maana jua la Dodoma likishapanda maji ya kwenye ndoo hupungukiwa hewa haraka. Kuwalegeza, mafuta ya karafuu yanatosha: yatikise kwanza kwenye chupa ya maji hadi yawe meupe kama maziwa, kisha uanze na tone moja kwa kila lita, ukijaribu kwa samaki wachache. Akigeuka ubavu, kata. Matamvua yakiacha kucheza, mrudishe upesi kwenye maji safi.

Usiwaachie siku hiyohiyo. Waweke siku 2 kwenye kizimba cha wavu, na pembeni kizimba kingine cha wenzao wasiokatwa. Hapo ndipo utajua waliokufa wameuawa na mkasi au na safari, na ndipo utapata idadi halisi ya walioingia lamboni.

Mapema kabisa, kubaliana na wavuvi: kila samaki apinduliwe tumbo kabla ya kupaliwa magamba, na waandikwe wote, wenye mapezi mawili na wenye moja.