Uzi, pini mbili na nyotamkia ya Halley: jinsi ya kujua itarudi lini

Mwanafunzi wangu mmoja alinyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, umesema nyotamkia ya Halley hurudi kila baada ya miaka 76. Ilikuja 1986. Mbona kitabu kinasema itarudi 2061, si 2062?" Nilimjibu kwamba 76 ni makadirio tu. Hakuridhika, na hakika sikuwa nimemjibu. Tangu siku hiyo somo hili nalifundisha kwa uzi na pini, na wewe unaweza kulifanya mezani kwako.

Tafuta karatasi ya A3, kipande cha boksi cha kuweka chini yake, pini mbili, penseli, rula na uzi usiovutika. Sentimita 1 itasimama badala ya umbali wa Dunia na Jua, yaani kilomita milioni 150 hivi. Chomeka pini ya kwanza sentimita 6 kutoka ukingo mfupi wa karatasi. Hiyo ndiyo Jua. Ya pili ichomeke sentimita 34.5 kutoka ya kwanza. Funga uzi kwenye pini zote mbili, na upime vizuri: kati ya fundo na fundo ziwe sentimita 35.7. Uzi utalegea kidogo sana. Ukaze kwa ncha ya penseli, telezesha penseli upande wa juu, kisha rudia upande wa chini.

Umepata duaradufu nyembamba, urefu karibu sentimita 36 na upana 9. Hiyo ndiyo njia ya Halley. Sasa zungushia pini ya Jua duara la nusu kipenyo sentimita 1, ndiyo njia ya Dunia, na jingine la sentimita 5.2, ndiyo njia ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Kwenye pini ya pili hakuna kitu chochote, ni anga tupu. Wanafunzi hushangaa sana hapo, nami huwaacha washangae.

Itazame ncha ya mbali. Nyotamkia inapofika huko mvutano wa Jua umeshaipunguza mwendo hadi kilomita 0.9 kwa sekunde, mwendo usiotosha kuponyoka. Ndiyo maana inageuka na kuanza kurudi. Ikipita karibu na Jua inakimbia kilomita 54 na zaidi kwa sekunde. Kwa kipimo cha karatasi yetu, kule mbali inasogea milimita 2 kwa mwaka mzima. Karibu na Jua milimita hizo hizo inazimaliza kwa siku sita.

Muda wa mzunguko tunaupata kwa kanuni ya mwanafalaki Johannes Kepler. Gawa urefu wa uzi kwa mbili: 17.85. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe mara tatu, upate 5,687 na kitu. Tafuta kipeuo cha pili: 75.4. Hiyo ni miaka.

Hapa sasa ndipo swali la yule mwanafunzi linapojibiwa. Funga uzi upya, urefushe milimita 2 tu, na urudie hesabu. Unapata miaka 76. Milimita 2 zimeichelewesha nyotamkia miezi saba na zaidi! Na Mshtarii, yenye uzito wa Dunia 318 hivi, inaweza kabisa kuurefusha au kuufupisha uzi huo kila nyotamkia inapopita jirani nayo. Ikiivuta kwa mbele, nyotamkia inaongezewa mwendo, inakwenda mbali zaidi na kurudi kwa kuchelewa. Ikiivuta kwa nyuma, inarudi mapema. Kutoka 1531 hadi 1607 ilichukua miaka 76 na miezi miwili. Kutoka 1607 hadi 1682, haikufika hata miaka 75. Mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley aliona tofauti hiyo, akashuku Mshtarii, na mwaka 1705 akatangaza kwamba itarudi 1758.

Alikufa 1742. Kazi ngumu waliifanya Wafaransa watatu: Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute. Huyu mama namtaja kila mara, kwa kuwa wengi humsahau. Waliikata njia vipande vidogo vidogo, na kwa kila kipande wakakokotoa Mshtarii iko wapi, sayari ya Zohali (Saturn) iko wapi, na kila moja inavuta kiasi gani. Yote kwa kalamu. Wakapata kwamba itachelewa siku 618 kuliko mzunguko uliotangulia: Mshtarii 518, Zohali 100. Walitabiri ingelizunguka Jua katikati ya Aprili 1759, ikizidi au ikipungua mwezi mmoja. Ililizunguka tarehe 13 Machi. Kompyuta za leo hufanya kazi ile ile, kwa vipande vidogo zaidi na sayari zote.

Kuna jambo moja uzi hauwezi kulionyesha. Barafu ya nyotamkia ikipata joto hugeuka gesi na kufoka, na mfoko huo huisukuma. Halley hucheleweshwa hivyo siku nne hivi kila mzunguko.

Je, nyotamkia mpya? Kila ikipimwa mahali ilipo kati ya nyota unapata pembe mbili. Vipimo vya siku tatu vinakupa namba sita, na obiti, yaani njia yake, inahitaji sita. Lakini funika karatasi yako, uache kipande kilicho ndani ya duara la Dunia tu. Kutoka hapo huwezi kujua kama uzi ulikuwa wa sentimita 36 au 360. Ndiyo sababu wanafalaki hupekua kumbukumbu za kale. Nyotamkia ya Swift-Tuttle, iliyoonekana 1862, ilitazamiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikuonekana. Mwanafalaki Brian Marsden aliilinganisha na nyotamkia ya 1737, akasema iwapo ni ile ile, itakuja mwishoni mwa 1992. Ikaja.

Usiitupe karatasi yako. Tia nukta kwenye ncha ya mbali na uandike Desemba 2023, maana ndipo Halley ilipogeuka. Kila mwaka isogeze nukta milimita 2 kwa kufuata mstari wa njia yake; baadaye itabidi uongeze. Pembeni mwa pini ya Jua andika: 28 Julai 2061.