Somo: Siku ya mwisho Dubai, tangu kuamka hadi kupanda ndege

Habarini wadau. Kila likizo ikikaribia napata ujumbe uleule: "Dada, naondoka Dubai kesho, mizigo niiache wapi? Ile kodi wanarudishaje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja. Somo hili ni la aliyekwenda siku tatu nne kutembea na kununua vyake vichache. Wa makontena wana utaratibu wao.

1. Ukiamka, soma tiketi upya: saa, tarehe na terminali. Metro ya njia nyekundu inafika Terminali 1 na 3. Terminali 2 iko upande wa pili wa uwanja, huko chukua teksi au basi.

2. Pima mabegi kabla ya kutoka chumbani.

3. Rudisha ufunguo, acha mizigo mapokezi, dai kikaratasi chake.

4. Nenda Khor, ule mkono wa bahari unaotenganisha Deira na Bur Dubai. Watu humalizia siku ya mwisho kwenye jumba kubwa la maduka, wakarudi bila kuuona mji wenyewe. Inaniuma sana. Shuka hadi gatini karibu na soko la viungo, panda abra, ile boti ndogo ya kuvusha watu. Nauli ni dirhamu 1, ishike mkononi kabisa, maana nahodha anakusanya huku chombo kinaondoka. Mnakaa kwenye ubao wa katikati, mgongo kwa mgongo, maji yako hapo chini ya miguu. Upande wa Deira utaona majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, na gatini matairi, majokofu na maboksi yanangoja kupakiwa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa anachokiona. Ukishuka Bur Dubai, tembea hadi Al Fahidi, kwenye nyumba za zamani zenye minara ya upepo, iliyokuwa ikinasa upepo juu na kuushusha vyumbani kabla ya umeme. Kunywa chai ya karak, urudi taratibu. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa swala, hivyo usiache ununuzi wa dhahabu mpaka saa hiyo.

5. Kodi. Hapa niliharibu, kwa hiyo soma polepole. Bei ya vitu vingi ina VAT ya asilimia 5 ndani yake, na mtalii anayeondoka na vitu hivyo hurudishiwa sehemu kubwa. Duka liwe limejiunga na mpango huo, manunuzi yafike dirhamu 250, na pasipoti uionyeshe dukani palepale ili risiti iunganishwe nayo. Ukitoka dukani bila kufanya hivyo, uwanjani hakuna utakachodai. Siku ya kuondoka unakwenda kwenye mashine za uhakiki, unaskani pasipoti, risiti zako zinatokea. Ama unapitishwa hapo hapo, ama unaelekezwa kwa ofisa akavione vitu.

Safari yangu ya pili nilinunua blenda na seti ya sufuria, dirhamu 2,100 kwenye risiti moja. Kufika uwanjani nikaona foleni ya kaunta ni fupi, nikakabidhi begi kwanza. Mashine ikanipeleka kwa ofisa. Akasoma risiti, akatazama mikono yangu, akauliza sufuria ziko wapi. Begi lilishapita kwenye mkanda. Dirhamu 82 zikapotea nikizitazama, na ndizo nilizokuwa nimeziwekea hesabu ya teksi ya kutoka uwanjani Dar hadi nyumbani. Kwa hiyo: KODI KWANZA, BEGI BAADAYE. Vitu viwe juu begini, rahisi kutoa. Usivianze kutumia. Jiongezee saa nzima kwa kazi hii.

6. Kaunta, uhamiaji, lango. Umemaliza.

MASWALI

Mgeni 77: Dada, sasa hiyo kodi wanarudishaje?

Jibu: Namba 5.

Mgeni 77: Nimeipitia. Yaani nikishakabidhi begi ndo naenda kwenye mashine?

Jibu: Hapana. Nimeandika kwa herufi kubwa. Hukuipitia.

Mama Watatu: Shikamoo dada. Mwaka jana nilirudishiwa, ila nilipopiga hesabu haikufika asilimia 5 niliyolipa. Niliibiwa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hukuibiwa. Wanarudisha asilimia 87 ya ile VAT, kisha wanakata dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Tuseme umelipa 1,050: VAT humo ni 50. Asilimia 87 yake ni 43.50, toa 4.80, unabaki na 38.70. Ndiyo maana ukiwa duka moja siku moja ni afadhali vitu vyote viingie risiti moja.

Kijana wa Mbezi: Ndege yangu ni 02:25 tarehe 15. Nimelipia hoteli mpaka tarehe 15 mchana, niko sawa?

Jibu: Uko sawa ukikumbuka kwamba hiyo ni saa nane na dakika 25 usiku wa KUAMKIA tarehe 15. Tarehe 14 saa nne usiku uwe njiani. Ukilala usiku huo, ukiamka ndege imeshaondoka. Na Dubai iko saa moja mbele ya Dar, kwa hiyo simu ifuate saa ya huko.

Kijana wa Mbezi: Dah, mimi nilikuwa naisoma kama usiku wa tarehe 15. Asante sana dada.

Baharia: Unawahangaisha watu na metro, teksi si rahisi zaidi?

Jibu: Sijamlazimisha mtu. Mwenye begi moja kubwa na moja dogo anaruhusiwa metroni, ndicho kiwango chao. Akizidisha, teksi. Ndege ya usiku wa manane pia teksi.

Kipusa wa Tanga: Dada, nimenunua mablanketi mawili mazito, muuzaji kayaviringisha na kuyafunga kamba. Yatapita?

Jibu: Umefanya vizuri kuuliza mapema. Uwanja wa Dubai tangu 2017 haupokei mzigo wa mviringo wala uliofungwa kamba, lazima uwe na upande mmoja bapa, maana mkanda wao unakwama. Tafuta boksi imara leo leo, yakunje bapa, ziba kwa gundi ya karatasi pande zote. Pima pia: mzigo mmoja usizidi kilo 32 hata kama tiketi inakuruhusu zaidi.

Mtu wa Likoni: Niongezee hapo. Vitu vya dukani vitoeni kwenye mifuko ya plastiki kabla ya kufunga begi. Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, nanyi Tanzania tangu Juni 2019, na wageni pia inawahusu.

Jibu: Kweli kabisa, nilisahau. Nunueni mfuko wa kitambaa pale soko la viungo, mtie humo tende zenu. Na kadi ya Nol, ile ya kulipia metro na basi, msiitupe, inadumu miaka 5. Mimi yangu namwazima mdogo wangu anayekwenda mwezi ujao.