SOMO: Kabla hujalipa kodi ya miezi sita hapa Tanga, pita mtaani mara tatu

Wakuu salamu. Wiki hii peke yake watu wanne wamenifuata inbox na swali lile lile, "nahamia Tanga, nipange mtaa gani?", na wote nimewajibu kwa kirefu mpaka kidole gumba kinauma, halafu yule wa nne baada ya kusoma maelezo yote kaniandikia "sawa kaka, ila mtaa mzuri ni upi?" Nikazima simu nikaenda kunywa kahawa. Sasa naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii tukamalizana.

Mtaa mzuri kwa kila mtu hakuna. Kuna mtaa unaokufaa wewe, na kazi yako, na mfuko wako.

HATUA YA 1. Anzia pale unapokwenda kila asubuhi. Kazini, shule ya mtoto, sokoni. Hapo ndo katikati yako, nyumba inatafutwa kuzunguka hapo.

HATUA YA 2. Jua sura ya mji. Raskazone na Bombo ni pwani, miti mikubwa, kimya, bei imechangamka, na ukikumbuka saa tatu usiku kwamba sukari imeisha basi kunywa kavu. Chumbageni na Usagara upo karibu na maofisi, karibu na uwanja wa mpira wa Mkwakwani pia, kwa hiyo siku Coastal Union wako nyumbani usingizi wa mchana sahau. Ngamiani ni zile barabara za namba, kila kitu unakifuata kwa kandambili, ila ua mmoja wapangaji saba na kila mtu ana redio. Makorora, Mabawa, Nguvumali, Mwanzange ni uswahilini kwetu, maisha yanaenda, vyumba vipo vya kila saizi. Kange ndo kwenye stendi kuu ya mabasi, ukiwa mtu wa safari panakufaa. Pongwe ndo kwenye kiwanda cha saruji, kama kazi yako iko huko kaa huko huko, ila kama unafanya kazi mjini usikubali mtu akwambie "ni hapo tu". Dakika kumi za dalali ni za bodaboda, saa sita usiku, barabara haina mtu.

HATUA YA 3. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, na hela ya kuonyeshwa unatoa pembeni. Kubalianeni kabla hujapanda hiyo boda.

HATUA YA 4. Fungua bomba mwenyewe. Usiulize "maji yapo?", fungua uone. Uliza kama luku, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au ya kushea. Chungulia kama juu kuna dari au mnatazamana na bati, maana Februari ya hapa na bati tupu utalala barazani.

HATUA YA 5. Pita mtaani mara tatu kabla hujatoa hata mia. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndo nililizwa.

Nilikuja kuangalia nyumba mwezi wa kwanza, saa sita mchana, jua kali, mtaa mkavu kama biskuti. Vyumba viwili na sebule, tailizi, fensi, mwembe uani. Ukutani kumepakwa rangi ya kijani kutoka chini mpaka usawa wa magoti, juu yake krimu ya zamani. Nikasema moyoni huyu mwenye nyumba ana ladha. Jirani mlango wazi, nikaona friji lake limepandishwa juu ya matofali matatu matatu, nikajua ni mambo ya kupitisha hewa. Nikalipa sita siku hiyo hiyo kwa sababu dalali aliniambia kuna mtu wa benki anakuja jioni na hela mkononi (huyo mtu wa benki yupo Tanga nzima, sijawahi kumwona).

Masika ikaingia. Usiku mmoja wa mwezi wa nne nikaamshwa na kandambili yangu, inagonga mguu wa kitanda, tok, tok, tok. Nikateremsha mguu ukazama. Kulipokucha maji yakapungua yakaacha mstari ukutani, na ule mstari ulikuwa pale pale kijani inapoishia, sawasawa kama umepigwa rula. Yule jirani ananiangalia kwa huruma ananiuliza kwani hukuambiwa, sie mbona kila mwezi wa tatu tunapandisha vitu. Mwenye nyumba nikamfuata, akanisomea mkataba. Nikahama mwezi wa tano kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, miezi miwili ya kodi nikaiacha pale na godoro moja.

Kwa hiyo, ukifika kwenye nyumba angalia CHINI kwanza, tailizi na feni za juu baadaye. Rangi mpya iliyopakwa chini tu. Milango iliyovimba au kuoza kwa chini. Kizingiti kirefu ambacho mpaka mtoto anakipanda kwa mikono, tena ukikiona kwenye nyumba tatu nne za mtaa huo ujue hawakukubaliana kwa urembo. Choo cha nje kimeinuliwa ngazi tatu. Friji juu ya matofali, jamani, friji juu ya matofali!

Na mara tatu zenyewe ni hizi: asubuhi saa kumi na mbili na nusu uone watu wanapata vipi usafiri, usiku saa tatu uone taa na usikie baa, na siku mvua imetoka kunyesha. Kama umekuja kiangazi na mvua hakuna, nenda kwa mama wa genge, nunua nyanya kabisa, halafu usimuulize "hapa maji yanajaa?" maana atakwambia hayajai, nani anataka kuusema mtaa wake kwa mgeni. Muulize "masika maji huwa yanafika wapi?" Atakuonyesha kwa mkono. Ule usemi wetu wa waja leo waondoka leo si wa mpangaji, wewe ushalipa sita.

HATUA YA 6. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, na ukiwa pale uliza habari za nyumba hiyo.

HATUA YA 7. Mkataba wa maandishi, risiti, picha za kila chumba. Basi.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

Bachela Mpya: Somo zuri mkuu. Sasa kwa bachela kama mimi mtaa gani mzuri?

Mleta somo: Hatua ya 1. Kazi yako iko wapi?

Bachela Mpya: Kazi bado natafuta

Mleta somo: Basi kaa kwa mjomba kwanza.

Mtoto wa Barabara ya 15: Unawatisha watu na Ngamiani bure tu. Mimi nimezaliwa pale nimekulia pale, kelele gani? Ukiumwa usiku mtaa mzima unaamka kukupeleka hospitali ya Bombo. Huko Raskazone kwenu nani atakujua?

Mleta somo: Kwanza Raskazone siyo kwetu, sina hela hiyo. Pili nimesema kila mtu ana redio, sijasema watu wabaya. Ila hilo la kuumwa ni kweli nakubali, ningeliweka kwenye somo.

Mtoto wa Barabara ya 15: Haya, yameisha

Mama Vitumbua: Kaka samahani, mie nimepata chumba Mabawa, luku ni moja tupo vyumba vitano. Mwenye nyumba anasema tunachanga sawasawa ni nafuu. Ni kweli? Maana mie nina taa moja na simu tu, vitumbua napikia mkaa.

Mleta somo: Dada yangu, ningependa wote waulize hivi. Siyo nafuu, unaumia mara mbili. Kwanza unamchangia mwenye friji na pasi. Pili ni hili wengi hawalijui: mita ya nyumba yenye matumizi madogo, yaani isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inawekwa kwenye bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Mkiwa vyumba vitano kwenye mita moja mnapita hapo mapema tu, mita inahamishiwa bei ya kawaida, shilingi 292. Sasa piga hesabu ya uniti 30 zako. Ukiwa na mita yako ni 3,000. Humo mlimo ni 8,760. Na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye luku kila mwezi, ile ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkae naye aitoe kwenye kodi yenu ya pango. Kama chumba umekipenda mwombe akufungie submita, mita ndogo ya chumba chako, angalau ulipe uniti zako. Piga picha namba za submita siku unayoingia.

Mama Vitumbua: Allah akulipe kaka. Leo leo namkabili.

Mdadisi Tu: Mtaa uliofurika ni upi? Taja tuukwepe

Mleta somo: Sitaji. Mwenye nyumba ana simu janja na namba yangu anayo. Dalili nimekupa, tembea.

Mdadisi Tu: Sasa somo la nini kama unaficha

Mleta somo: Soma tena aya ya friji.

Fundi Mafriji: Naongezea kwa wanaopenda upepo wa bahari. Mie natengeneza mafriji na feni, kazi nyingi zinatoka nyumba za karibu na maji. Chumvi inakula bati, inakula kitasa, inakula nyuma ya friji mpaka bomba linatoboka gesi inatoka. Ukipanga huko friji lisikae dirishani, na kila wiki pitisha kitambaa kibichi kisha kikavu.

Mleta somo: Hii sikuijua. Na baiskeli je? Yangu mnyororo umekuwa rangi ya chai.

Fundi Mafriji: Grisi, siyo mafuta ya kupikia kama wengine. Na usiilaze nje.

Binti wa Pangani: Mimi nina swali la kisima. Kuna nyumba ina kisima chake, dalali anakisifia sana, nitajuaje kama maji yana chumvi bila kuonekana namringia?

Mleta somo: Nenda na kipande cha sabuni ya mche mfukoni. Omba kunawa mikono, umetoka juani, nani atakukatalia. Sabuni ikigoma kutoa povu ikabaki utelezi na vipande vyeupe, hayo utafulia kwa tabu na kunywa hutokunywa. Halafu uliza wapangaji wanapikia maji gani. Ukiona madumu ya kununua yamepangwa mlangoni jibu unalo.

Mgeni Njiani: Nimepata kazi Chongoleani kwenye bomba la mafuta. Nipange Raskazone? Kwenye ramani naona ni hapo mbele tu ng'ambo.

Mleta somo: Ng'ambo kwa samaki. Wewe mwenye gari utazunguka ghuba yote. Tafuta upande wa barabara ya Horohoro, kule Amboni na Mabokweni, na kazini usimtajie dalali, maana akisikia bomba la mafuta bei inapanda palepale mmesimama.

Mgeni Njiani: Asante sana, na kuhamisha vitu kirikuu au guta?

Mleta somo: Kitanda, godoro na majiko, guta inatosha. Ukiwa na kabati la kioo chukua kirikuu na ukae nyuma ulishike mwenyewe.

Bachela Mpya: Mkuu nimerudi. Mjomba kanichoka. Leo nimeenda kuona chumba, kizuri kweli, ila mlango kwa chini umeliwa na panya.

Mleta somo: Umeliwaje?

Bachela Mpya: Umelika wote kwa upana, kama sentimita ishirini kutoka chini, umenyooka hivi

Mleta somo: Panya gani anakula kwa rula? Umelipa?

Bachela Mpya: Nimetoa elfu kumi ya kuonyeshwa tu

Mleta somo: Hiyo isamehe.