Namna ya Kutambua Molekuli Zilizofungwa Fundo, Zilizopachikana na Zilizofumwa

Mchoro wa fuwele huonyesha atomi na vifungo vya kikemia vinavyoziunganisha, lakini hausemi kama nyuzi zake zinaweza kuachana bila kukatwa. Swali hilo ni la topolojia, yaani hisabati ya jinsi maumbo yanavyoungana na kushikana, na hujibiwa kwa kufuata uzi mmoja mmoja, si kwa kupima urefu wa vifungo wala pembe zake.

Anza kwa kuamua ni vifungo vipi vitakavyohesabiwa. Hatua hii hurukwa mara nyingi, ilhali jibu lote linaitegemea. Chukua COF-505, kiunzi cha molekuli za kikaboni chenye ioni za shaba (atomi zenye chaji), kilichotangazwa mwaka 2016 na kundi la mwanakemia Omar Yaghi wa Berkeley, Marekani. Ukizihesabu ioni za shaba kuwa sehemu ya kiunzi, utaona wavu wa kawaida ambao kila ioni hukutanisha mikono minne. Ukiziacha na kufuata vifungo vya kovalenti (ambavyo atomi hushirikiana elektroni) peke yake, utaona nyuzi zilizojiviringa, zikipishana juu na chini kama miyaa ya mkeka, bila kuungana popote. Maabara ilithibitisha usomaji huu wa pili: shaba ilipoondolewa kiunzi hakikusambaratika, bali unyumbufu wake uliongezeka mara kumi, na shaba iliporudishwa mpangilio wa awali ulirejea.

Kisha upe kila uzi rangi yake, na ugeuze mchoro hadi pasiwe na mahali ambapo nyuzi tatu zinapita pamoja. Chora kivuli chake kwenye karatasi, ukikata kidogo mstari wa uzi unaopita chini katika kila mpishano.

Ikiwa nyuzi ni pete mbili, itie kila pete mshale. Katika kila mahali pete hizo zinapopishana, andika +1 ikiwa mshale wa juu, ukizungushwa kwa pembe ndogo zaidi, unapaswa kwenda kinyume cha saa ili uelekee upande wa mshale wa chini. Vinginevyo andika −1. Jumlisha, kisha gawa kwa mbili. Pete mbili ambazo mwanakemia Jean-Pierre Sauvage alizipachika kwa msaada wa shaba mwaka 1983 hutoa 1 au −1, kulingana na mishale. Jibu lisipokuwa sifuri, hakika pete haziachani. Sifuri, hata hivyo, isikudanganye: pete tatu za Borromeo, ambazo kundi la mwanakemia Fraser Stoddart lilizitengeneza kwa ioni za zinki mwaka 2004, hutoa sifuri kwa kila jozi, na bado zimeshikana, ingawa ukikata pete moja yoyote, mbili zilizobaki huachana.

Kwa pete moja, punguza mipishano kadiri inavyowezekana. Ikibaki chini ya mitatu, hakuna fundo. Ikibaki mitatu au zaidi, paka kila kipande cha mstari, kutoka mkato hadi mkato, moja ya rangi tatu, ukihakikisha kwamba kila mpishano unakutanisha rangi zote tatu au rangi moja tu. Ukifanikiwa kwa kutumia zaidi ya rangi moja, ni fundo la kweli. Fundo la mipishano mitatu, ambalo Sauvage na Christiane Dietrich-Buchecker walilitengeneza mwaka 1989, hupita jaribio hili. Lile la mipishano minne halipiti ingawa ni fundo, hivyo kushindwa kupaka rangi si uthibitisho wa chochote.

Zikibaki nyuzi zisizo na mwisho, tenganisha ufumaji na upenyanaji. Katika sianidi ya zinki kuna nyavu mbili zenye mpangilio wa almasi, moja ikipita ndani ya matundu ya nyingine. Kila wavu umekamilika wenyewe katika pande zote tatu, kwa hiyo usiuite mfumo wa nyuzi. Ufumaji huhitaji nyuzi ambazo kila mmoja huendelea katika mwelekeo mmoja tu, na ambazo zingekuwa huru kama zisingezuiwa na nyuzi nyingine. Unapoandika ripoti, taja vifungo ulivyoviacha kabla ya kutaja jina la umbo, kwani msomaji atakayehesabu shaba atapata umbo jingine katika fuwele ileile.