Somo: Kutengeneza sehemu ya kutafuta rekodi kwenye databesi ya biashara

Wakuu habari za muda huu. Mifumo mingi ya biashara inajaza vizuri ila kutafuta ni mateso, muuzaji anaishia kurudi kwenye daftari. Mfano wetu ni stoo ya dagaa na mawese hapa Kigoma, mzigo unatoka Kibirizi, wateja wapo Dar mpaka Bujumbura.

Hatua ya 1. Kabla hujagusa kompyuta kaa kaunta usikilize watu wanaulizaje. Mteja haji na namba ya risiti, anakwambia "mi yule niliyebeba dagaa juzi nikalipa nusu". Hapo una bidhaa, tarehe na deni, basi hivyo ndo visanduku vyako vya kutafutia. Usirundike kila safu ya jedwali, muuzaji atachanganyikiwa bure.

Hatua ya 2. Namba ya simu ya mteja ihifadhi kama maandishi, ukiweka kama namba sifuri ya mwanzo inapotea. Na kwa kuwa mmoja anajaza 07 mwingine +2557, toa nafasi na vistari halafu linganisha tarakimu 9 za mwisho.

Hatua ya 3. Jina litafutwe kwa kipande. Kuna Mohamed, Mohamedi, Muhammad, ukiandika ham wote wanakuja, kwa SQL (lugha ya kuiuliza databesi) ni hivi:
WHERE jina LIKE '%ham%'
Alama ya % (inasimama badala ya herufi zozote) ikikaa mwanzo hivyo indeksi ya kawaida (orodha ya kuharakisha kutafuta) haisaidii, jedwali likiwa kubwa sana utaona linavuta, ila kwa duka la wateja elfu chache wala usiwaze.

Hatua ya 4, hapa ndo wengi wanapotea. Kama tarehe inabeba na saa, ukisema BETWEEN (kati ya tarehe hii na ile) mpaka tarehe 31 inaishia saa sita usiku 31 inapoanza, mauzo ya siku yenyewe yote yanaachwa nje na bosi anaona hesabu pungufu anamshuku kijana wa watu. Andika kuanzia tarehe ya mwanzo, na iwe chini ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kisanduku kikiachwa wazi sharti lake kwenye WHERE liondoke kabisa.

Majibu anza na ya karibuni, deni lionekane hapohapo.

MASWALI

– Mkuu natumia Access, ile programu ya databesi ya Microsoft, nikiweka % haileti kitu.
Kwenye Access weka nyota *, asilimia ni ya databesi kama MySQL na wenzake. Kuna mpangilio wa kuibadili ila sio lazima.

– Wateja wa Bujumbura je? Tarakimu 9 zinagoma.
Kweli kaka, Burundi baada ya +257 zinabaki 8 tu. Namba ya nchi (255 au 257) ipe safu yake, halafu linganisha zilizobaki.

– Niko Tabora nauza asali, kwanini nisiweke kisanduku kimoja tu kwa vyote?
Jina na simu vinakaa pamoja bila shida dada. Ila muuzaji akiandika 50000, mfumo utajuaje ni deni, bei au kipande cha simu? Deni lipe kisanduku chake, "kuanzia" na "mpaka".