Jinsi ya Kuandaa Wikendi ya Michezo ya Familia kwenye Klabu ya Karavani

Wikendi nyingi za klabu za karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari, huharibika kwa namna ileile. Watoto wanakimbia uwanjani, wazazi wamekaa kwenye viti vya kukunja wakiwatazama, na Jumapili familia ngeni zinafunga safari bila kumjua hata jirani aliyeegesha ubavuni mwao. Mimi ni mratibu wa michezo wa klabu yetu, na hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha moja: mkubwa kwa mdogo, wote wacheze, tena kila mmoja acheze na watu wa familia nyingine.

Hatua ya 1: Tenga uwanja kabla karavani ya kwanza haijaingia

Fika mapema na futi ya kupimia, bendera ndogo na utepe wa rangi kali. Eneo la mita 50 kwa 30 linatosha mbio, kuvuta kamba na michezo ya mpira mwepesi. Liwe tambarare, mbali na maji na njia ya magari, na pasipite nyaya za umeme juu yake, hasa kama watoto watarusha tiara. Lizungushie bendera siku hiyohiyo. Karavani zikishaegeshwa, miguu yake ikashushwa na mahema ya ubavuni yakafungwa, hakuna atakayekubali kusogea, na mchezo wako utabanwa kwenye kona yenye mteremko.

Kati ya karavani na karavani acha mita 6. Hiyo ni kinga ya moto usisambae, na pia inawapa watoto pa kupita. Kamba za mahema nazo ni mtego: zimekaa usawa wa shingo ya mtoto wa miaka minne, na jua likianza kuzama hazionekani kabisa. Funga kipande cha utepe kwenye kila kamba iliyoelekea uwanjani. Kisha tembea uwanja mzima polepole, ukiangalia mashimo, vipande vya chupa na vigingi vilivyosahauliwa na waliotangulia.

Hatua ya 2: Changanya familia Ijumaa jioni

Hapa ndipo wikendi inapofaulu au kufeli. Usiwaache watu wajipange wenyewe, kwa sababu marafiki wa zamani watajazana timu moja na wageni watabaki pembeni wakitabasamu kwa adabu.

Andaa mifuko mitatu: wa watoto chini ya miaka 8, wa miaka 8 hadi 15, na wa wakubwa. Kila mfuko uwe na tepe za rangi nne kwa idadi sawa. Kila anayewasili anachovya mkono, anachomoa utepe na kuufunga kwenye kifundo. Hivyo kila timu inapata mchanganyiko uleule wa umri, na hakuna wa kulalamika kwamba amepangwa vibaya. Mtoto asiyetaka kuachana na mama yake, mpe rangi ya mama; usimlazimishe.

Unahodha mpe kijana wa miaka 13 au 14. Huo ndio umri unaojifungia ndani ya karavani na simu, lakini akijua kwamba watu wazima wanne wanamngoja yeye atangaze nani anakimbia wa kwanza, hutamwona tena ndani.

Hatua ya 3: Panga michezo kulingana na jua

Mbio ziwe asubuhi. Saa za jua kali, weka kusaka hazina kivulini na petanki, mchezo wa kurusha matufe yakaribie kijipira. Kuvuta kamba kuwe jioni, watu wote wakiwepo. Michezo mitano kwa siku yatosha, maana watu wamekuja kupumzika pia. Ndoo ya maji ya kunywa na vikombe visiondoke pembeni mwa uwanja.

Michezo ya kumtoa mtu akikosea mimi siipangi. Anayetolewa kwanza karibu siku zote ni mdogo kuliko wote, naye ndiye aliyesubiri siku hii kwa hamu kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Endesha michezo yenyewe

Mbio za kupokezana: mita 20 kwenda na kurudi, kila kipande na namna yake. Mdogo anabeba yai la mbao kwenye kijiko, anayemfuata anaruka ndani ya gunia, kisha wakubwa wawili waliofungwa mguu kwa mguu. Wafunge kwa kitambaa laini kinachofunguka kwa kuvuta mara moja.

Petanki inastahili nafasi kubwa kuliko inavyopewa, kwa sababu nguvu haisaidii kitu. Chora duara, mchezaji asimame ndani yake na kurusha kijipira cha mbao umbali wa mita 6 hadi 10. Timu zinarusha matufe kukikaribia, na ya kwanza kufikisha pointi 13 imeshinda. Wachezaji wakiwa watatu kwa watatu, kila mmoja ana matufe mawili. Bibi aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuwashinda wajukuu wote hapa, na hakuna aliyempunguzia kitu.

Kuvuta kamba ndicho kilele. Mchezo huu ulikuwamo kwenye Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na sheria za mashindano rasmi bado zinatufaa: watu 8 kila upande, anayewavuta wapinzani mita 4 ameshinda. Kamba iwe nene, mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5, ya katani au nyuzi zinazofanana nayo. Kamba nyembamba ya nailoni ikatae hata kama mwenyewe anasisitiza. Hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa kasi ya kujeruhi vibaya.

Kabla ya filimbi, pita kwa kila mshikaji uangalie mikono yake. Asiwepo aliyezungusha kamba kiganjani, kiunoni au aliyeifunga kitanzi, kwa kuwa watu wamepoteza vidole kwa njia hiyo. Waambie pia wasiiachie ghafla. Watoto wavute na watoto, wakubwa na wakubwa. Zamu ya wakubwa, mtoto mmoja wa kila timu asimame pembeni akipiga mdundo, “Vuta! Vuta!”, na wote wavute kwa sauti yake. Timu inayomsikiliza huyo mtoto hushinda ile yenye misuli inayovuta kila mtu kivyake.

Hatua ya 5: Uwe na neno la mwisho kuhusu usalama

Ngurumo ikisikika, simamisha mchezo, hata kama fainali imebaki. Watu waingie kwenye magari yenye paa la chuma au jengo imara. Hema si kinga dhidi ya radi. Rudini uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema la ubavuni wala karavani, iwe mvua au baridi, hata mkaa ukionekana umekufa. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Hili lirudie Ijumaa na Jumamosi usiku.

Hatua ya 6: Jumapili asubuhi

Toa zawadi mapema kabla watu hawajaanza kufungasha, na timu yote ipokee pamoja na nahodha wake mbele. Muulize kila nahodha mchezo upi urudiwe. Majibu yao ndiyo ratiba ya wikendi ijayo.

Karavani zikishaondoka, burura sumaku yenye mpini kwenye nyasi, mstari kwa mstari, pale mahema yalipokuwa. Vigingi vya chuma vilivyozama ardhini hutoboa miguu na kuvunja mashine za kukata nyasi. Jumlisha ulivyookota na vilivyong'olewa na wenyewe, ulinganishe na idadi ya vigingi uliyoandika Ijumaa mahema yalipofungwa, na ikipungua, rudia mstari.