Kichanga anarukaruka usingizini? Hivi ndo unavyomwangalia

Kichanga akilala utaona kidole kinaruka, mara mguu unatupwa, mara anatabasamu mwenyewe na bibi anasema anacheka na malaika. Mi sibishani na bibi, ila ukitaka kuona uti wa mgongo unavyojifunza kazi we kaa hapo pembeni uangalie, mashine haihitajiki.

Subiri anyonye ashibe alale. Miezi ya kwanza huwa wanaanza na ule usingizi mwepesi, kope zimefumba ila macho yanacheza ndani, pumzi mara haraka mara inapoa, ndo wakati wenyewe huo. Kama hakuna baridi mfunue miguu kidogo, halafu chagua kiungo kimoja tu, usihangaike na mwili mzima, vidole vya mguu vinafaa sana. Utaona kimoja kinajikunja ghafla, kimya, halafu kingine, na mwili uliobaki umelegea kabisa.

Huko kulegea ndo kwenye utamu wote. Neva zikishtua msuli mmoja wakati mingine imetulia, taarifa inayorudi toka kwenye ngozi na msuli inakuja safi, haijachanganyika na kitu, yani kama fundi umeme kwenye nyumba mpya anabonyeza swichi moja moja ajue ipi inawasha taa gani. Njia za neva kwenye uti wa mgongo zinazoendana na taarifa hiyo zinaimarika, zisizoendana zinafifia. Akiwa macho anarusha mikono na miguu kwa mpigo, hapo utajuaje kipi kimetoka wapi?

Na sio stori za kijiweni. Mtafiti Jens Schouenborg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walitoa utafiti 2003 kuhusu vitoto vya panya. Panya akiwa mchanga ukimgusa mkia na kitu cha moto mara nyingi anaupeleka kule kule kwenye moto, anakuja kuacha kukosea hivyo akifika kama wiki 3. Sasa wao kila mkia uliporuka usingizini wakawa wanaupulizia hewa upande usio wake, na reflex, yani ule mruko wa mkia unaokuja wenyewe ukiguswa, ikabadilika ikafuata ule mguso wa uongo. Mpaka leo hiyo ndo inayonishangaza zaidi, panya kalala fofofo na uti wa mgongo wake unafundishwa vibaya.

Kwa hiyo ukiona anaruka usimbane mguu ili utulie, wala usimwamshe, mwache.

Ila kuna degedege, na hapo usilete utani. Ukimwamsha polepole, kuruka huku kwa kawaida kunakata palepale. Kukiendelea akiwa macho, au macho yamekodoa upande mmoja, amekakamaa, anabadilika rangi, au anajikunja mfululizo kila akiamka, mpeleke hospitali haraka, na kama kuna mtu karibu apige video kwa simu manake mkifika kwa daktari mtoto anakuwa katulia zake na we kueleza kwa mdomo inakuwa shida.